Lenga-lenga inaweza kuwa kijani na bado imebeba metali

Huku Lubumbashi mtu akiona lenga-lenga (mchicha) imetoka vizuri, majani mapana, kijani kabisa, anasema basi udongo hauna shida. Mi kazi yangu ni mimea na metali, na hiyo fikra inanisumbuaka sana, juu mmea unaweza kuwa mzima na ndani umebeba shaba ama kadimiamu, metali yenye sumu.

Shaba yenyewe si adui. Plastosianini, protini ya fotosinthesisi, inaihitaji, ndo maana mzizi una mlango wake wa kuiingizia, COPT1. Taabu ni ikizidi: ayoni ya shaba ikizurura huru inakutana na haidrojeni peroksaidi, inazaliwa radikali ya haidroksili, chembe kali inayoharibu mafuta ya utando wa seli, na mzizi unaacha kurefuka. Kwa hiyo seli haiiachi itembee yenyewe hata kidogo, protini zinapokezana kuibeba, nyingine inashikwa na metalothionini, protini ndogo zenye sistini mingi (sistini ni asidi amino, salfa yake ndo inang'ang'ania metali), na pampu ya HMA5 inasaidia kuipunguza ndani ya seli za mizizi.

Kadimiamu ni habari ingine na hapa ndo napapenda. Enzimu ya kutengeneza fitokelatini, mnyororo mdogo unaoshika metali, iko tayari ndani ya seli, haingoji jeni iwashwe, metali ikiingia tu inaanza kuunganisha glutathioni (molekuli ndogo ya seli yenye glutamati na sistini), ile jozi ya glutamati na sistini inajirudia mara 2 mpaka 11, inaifunga kadimiamu, halafu pampu ABCC1 na ABCC2 zinasukuma mzigo ndani ya vakuoli, mfuko wa ndani ya seli, kama depo iliyofungwa kufuli. Wanafunzi wanaandikaka fitokelatini kwa kila metali, lakini mimea ya Silene vulgaris inayostahimili shaba haitegemei njia hiyo.

Tena kuna vumbi. Haumaniastrum katangense, ua letu la shaba, lilisifiwa miaka mingi kwamba linajaza shaba kwenye majani, kumbe majani yakioshwa vizuri sehemu kubwa inaondoka, ilikuwa imekaa juu tu.

Kwa hiyo mama, osha lenga-lenga na maji mingi, vumbi litatoka. Metali ile iliyo ndani ya vakuoli haitoki kwa kuosha, na kupika hakuiharibu. Kama shamba liko kule upepo ulikuwa unapeleka moshi wa kuyeyushia shaba, mi ningepanda mahindi, punje inapokeaka metali kidogo kuliko majani.