Wafuasi si wasomaji: dhana potofu kuhusu jina la mwandishi

"Kitabu kizuri kinajiuza chenyewe." Waandishi wengi wa Kiswahili huanza na imani hii, na ndiyo inayowaumiza zaidi. Kitabu bora hubaki kwenye maboksi nyumbani kama hakuna anayejua kimetoka. Maduka yanayouza riwaya ni machache, na ukishatoka miji mikubwa, duka la vitabu kwa kawaida ni duka la madaftari na vitabu vya kiada. Ndiyo maana vitabu vingi vya hadithi siku hizi vinauzwa na mwandishi mwenyewe. Msomaji wa Mbeya anampigia simu mwandishi aliyeko Dar es Salaam na kumtumia pesa kwa simu. Kitabu kinafungwa kwenye bahasha ya kaki, kinapelekwa stendi ya Magufuli, kisha msomaji anapokea meseji yenye jina la basi na namba ya kondakta. Biashara hiyo haiwezekani kama msomaji hajui pa kukupata.

Wengine husema kutangaza ni kazi ya mchapishaji. Atafanya sehemu yake, ila nguvu zake nyingi ataelekeza shuleni, kwa sababu huko ndiko vitabu vinakonunuliwa kwa wingi. Muulize kabla ya kusaini mkataba.

Dhana ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ile inayosema mwandishi kuzoeana na wasomaji ni jambo geni lililoletwa na mitandao. Si kweli hata kidogo. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na wasomaji walilitumia mashairi yao kutoka kila upande. Mtunzi aliweka jina lake na mji wake chini ya shairi. Akiuliza swali kwa beti, mtunzi mwingine asiyemfahamu kwa sura alimjibu kwa beti, kwa vina na mizani, na wasomaji wakasubiri toleo lijalo waone nani kashinda hoja. Magazeti mengine yaliendeleza desturi hiyo, Taifa Leo la Kenya likiwamo, na watunzi wakajipatia lakabu zinazotambulika kuliko majina yao ya kuzaliwa. Tazama kilichowajengea jina: walitumia jina lilelile miaka yote, walijulikana walipo, na walijibu. Mwandishi wa leo mwenye simu mkononi anahitaji mambo hayohayo.

Kujibu ndiko kunakosahaulika. Mtu ana wafuasi elfu ishirini Instagram, anatoa kitabu, wananunua watu wachache mno, naye anaona wasomaji wamemsaliti. Hawakumsaliti; walikuja kwa picha na vichekesho, hawakuwahi kuonjeshwa ukurasa wake hata mmoja. Kundi la WhatsApp la watu mia wanaofuatilia hadithi yako lina thamani kubwa zaidi. Humo saa tatu usiku mwandishi anaweka sehemu ya kumi na mbili, anaikatisha mlango unapogongwa, anaandika "itaendelea". Kufikia asubuhi kuna meseji za sauti za watu wanaomgombeza mhusika kana kwamba ni shemeji yao. Wajibu hao, kwa majina. Ndio watakaonunua, na ndio watakaompa jirani habari.

Hapo huibuka hofu ya kwamba ukitoa sehemu bure, hakuna atakayenunua kitabu. Uzoefu wa Tanzania unaonyesha vinginevyo. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa hadithi zilizotoka kipande kwa kipande kwenye magazeti, na hadithi hizo zikawa vitabu. Kinachoua mauzo ni PDF ya kitabu kizima kusambazwa ovyo. Sura tatu za mwanzo hazikupunguzii kitu.

Kuna wanaoamini mwandishi lazima awe mchangamfu na aonekane kila siku. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi mzaliwa wa Ukerewe, alitumia miaka yake mingi ya mwisho akifundisha Chuo Kikuu cha Botswana, mbali na kelele za kwetu, na jina lake halikufifia hadi alipofariki Januari 2020. Kama wewe ni mkimya, chagua njia moja unayoiweza: barua kwa wasomaji kila mwezi, au kukutana nao katika maktaba ya mkoa. Usijilazimishe kucheza mbele ya kamera.

Dhana ndogo lakini ya hatari: namba za wanunuzi ni mali yako, uwatumie matangazo upendavyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Omba ruhusa kwanza. Anayetaka kutoka, mtoe.

Mwisho ni wasifu. Watu hudhani ukijaza sifa ndipo utaheshimika: "mwandishi nguli, mhamasishaji, balozi wa vijana". Msomaji hapati cha kushika hapo. Andika hivi: "Nimezaliwa Pangani, nafundisha hisabati Morogoro, naandika riwaya za upelelezi zinazotokea bandarini." Weka picha moja inayoonyesha uso vizuri, majina ya vitabu vyako, na namba ya simu ya kazi, tofauti na ile ya nyumbani. Wasifu huohuo uende kila mahali, kuanzia jalada la nyuma hadi ukurasa wako wa Facebook.