“Barafu inatuhusu nini sisi wa Mtwara?” Dhana potofu na ukweli kuhusu utafiti wa barafu ya baharini

Mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, binti wa Mikindani, aliniambia anataka kusomea hali ya hewa ili baadaye achunguze barafu ya baharini kule kwenye ncha za dunia. Wiki haikupita, mjomba wake akanifuata shuleni. Kwetu Umakondeni mjomba ana neno zito kwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo nilimpokea kwa heshima zote, tukakaa chini ya mkorosho nyuma ya ofisi. “Mwalimu,” akasema, “mimi sikatai asome. Lakini barafu? Barafu inatuhusu nini sisi wa Mtwara?”

Tulizungumza mpaka adhuhuri. Tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka akilini maneno ninayoyasikia juu ya kazi hii, nyumbani kwao binti, Feri kwa wachuuzi wa samaki, na hata kwenye chumba cha walimu. Mengi si kweli. Moja nimelifundisha mwenyewe kwa miaka, na naanza na hilo.

“Barafu ya baharini ikiyeyuka, bahari itajaa”

Niliandika hivyo ubaoni mwaka baada ya mwaka, kwa sababu sikujua kutenganisha barafu na barafu. Barafu ya baharini ni maji ya bahari yaliyoganda, nayo inaelea. Kwa kuelea tayari imeshasukuma maji ya uzito wake, hivyo ikiyeyuka inajaza nafasi ileile iliyokuwa imeishika. Tofauti inayoletwa na chumvi ni ndogo mno.

Tulijaribu darasani. Beseni la maji, bonge la barafu tulilonunua Feri, na alama ya kalamu pale maji yalipofikia. Bonge lilipokwisha, maji yalikuwa palepale kwenye alama. Kisha tukaweka bonge jingine juu ya jiwe lililochomoza majini. Lilipoyeyuka na kutiririka, maji yakapita alama, na darasa zima likasimama kuangalia.

Jiwe lile ndilo Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini, na Antaktika, bara la ncha ya kusini. Barafu iliyolala juu ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari za dunia zitapanda kiasi cha mita 7. Ile ya Antaktika, kiasi cha mita 58. Hayo hayatatokea karne hii, lakini mwanzo wake upo. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda wastani wa sentimita 20, kwa sababu barafu ya nchi kavu inapungua na kwa sababu maji yenyewe yakipata joto hutanuka.

Binti akauliza swali zuri: kama ya baharini haipandishi maji, kwa nini watu wanamaliza maisha yao wakiipima? Atembee pekupeku Msimbati saa saba mchana, atapata jibu. Mchanga mweupe unaumiza macho, mwamba mweusi unaunguza nyayo. Theluji safi iliyofunika barafu hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Bahari iliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10, na kinachobaki inakinywa kama joto. Barafu ikipungua, bahari inapata joto zaidi, na joto hilo linakula barafu nyingine. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya eneo la Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini, kupata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingine za dunia.

“Mtafiti wa barafu anaishi kwenye barafu”

Hili ndilo lililomtia hofu mjomba. Akilini mwake alimwona mpwa wake amevaa manyoya, anavutwa na mbwa gizani.

Wanaokwenda wapo, na kazi yao naiheshimu sana. Mwaka 1893 Fridtjof Nansen wa Norway aliipeleka meli yake, Fram, kwenye barafu kaskazini ya Siberia kwa makusudi, igandiwe ndani na kuchukuliwa. Mabingwa wa safari za ncha walimpinga. Lakini hoja yake mvuvi yeyote wa Msangamkuu angeielewa. Meli iitwayo Jeannette ilipondwa na barafu upande wa Siberia mwaka 1881, na miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa pwani ya Greenland. Sisi tukiona magogo ya mto Ruvuma yametupwa ufukweni, tunajua maji yametokea wapi. Fram ilichomoza upande wa pili mwaka 1896, na hakufa mtu hata mmoja. Njiani Nansen aliona barafu haifuati upepo sawasawa, inapinda upande wa kulia wa upepo huo. Msweden Vagn Walfrid Ekman ndiye aliyekuja kulieleza hilo kwa hesabu: ni mzunguko wa dunia. Huku kwetu, kusini ya ikweta, maji hupinda kushoto.

Mwaka 2019 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilirudia safari ya namna hiyo. Ilijifunga kwenye pande la barafu ikaelea nalo kwa miezi mingi, hadi 2020, watafiti wa nchi 20 wakipokezana zamu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani. Chukua maisha ya Claire Parkinson wa Marekani. Shahada yake ya kwanza ilikuwa hisabati. Baadaye akageukia jiografia na tabianchi, akatengeneza programu ya kompyuta inayoiga jinsi barafu inavyoganda na kuyeyuka, na mwaka 1978 akaingia NASA, shirika la anga la Marekani. Alishiriki kuchora ramani za barafu ya Antaktika kutokana na vipimo vya setilaiti vya miaka ya 1970, akawa mwanasayansi kiongozi wa setilaiti ya Aqua iliyorushwa 2002, na mwaka 2019 bado alikuwa akichapisha matokeo ya vipimo vya barafu vya miaka 40.

Na setilaiti inaipimaje barafu usiku, wakati usiku wa kule hudumu miezi? Kila kitu hutoa mawimbi mafupi ya redio, yale ya maikrowevu, hata kitu baridi. Barafu na maji ya bahari hayatoi kwa kiasi kimoja, kwa hiyo chombo kinachoyapokea kutoka angani hutofautisha hiki na kile bila kuhitaji jua, na mawingu hayakizuii sana. Kumbukumbu hii ya vipimo imeendelea tangu mwishoni mwa 1978.

Imeendelea kwa sababu watu wameilinda. Setilaiti huchakaa na kufa, nyingine hurushwa, na macho ya mpya si macho ya ile ya zamani. Mkulima wa korosho anajua jambo hili: ukibadili mizani katikati ya msimu, kwanza mzigo uleule unapimwa kwenye zote mbili, la sivyo hutajua kama kilo zimepungua shambani au kwenye mizani. Kwa kazi hiyo ya kulinganisha chombo na chombo, ambayo hakuna anayeipiga picha, tunaweza leo kuuweka mwaka 1980 pembeni ya mwaka 2020.

“Mwaka 2012 ulikuwa mbaya, tangu hapo barafu imepona”

Hili nililisikia kwa mwalimu mwenzangu, mtu msomi. Msingi wa maneno yake ni kweli. Kila Septemba barafu ya Aktiki hufikia kiwango cha chini kabisa cha mwaka. Mwanzoni mwa vipimo ilikuwa inabaki kilomita za mraba kama milioni 7, na Septemba 2012 zilibaki milioni 3.4. Miaka mingi iliyofuata haikuivunja rekodi hiyo.

Lakini nani wa pwani anapima bahari kwa bamvua moja, yale maji makuu ya mwezi mpya au mpevu? Miaka yote iliyofuata imebaki chini sana ya ile ya 1980. Tena eneo ni nusu tu ya habari, kwa maana barafu ina umri na unene. Katikati ya miaka ya 1980, karibu theluthi ya barafu ya Aktiki mwezi Machi ilikuwa imedumu zaidi ya miaka minne. Sasa haifiki hata asilimia 5. Iliyobaki nyingi imeganda majira ya baridi yaliyopita, nyembamba, na jua la kiangazi huimaliza upesi. Unene huo zamani ulipimwa na nyambizi zikipita chini yake; leo zipo setilaiti kama CryoSat-2 ya mwaka 2010 na ICESat-2 ya 2018.

“Kaskazini na kusini ni mamoja”

Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari. Barafu zake hazina tabia moja, na hapa ndipo ninapoipendea kazi hii hasa. Wakati ya kaskazini inapungua, ya kusini ilikuwa ikiongezeka taratibu, hadi mwaka 2014 ilipopita kilomita za mraba milioni 20. Wasioamini mabadiliko ya tabianchi walishangilia. Watafiti walichapisha ongezeko lile kama walivyolipima. Kisha ikaanguka, na Parkinson akaonyesha kwamba kasi ya anguko hilo ilizidi kwa mbali kasi ya Aktiki. Februari 2023 ilishuka chini ya milioni 1.8, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana tangu setilaiti zianze kupima. Wanaendelea kubishana juu ya sababu.

“Ina chumvi kama bahari”

Kidogo tu. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na yanapoganda chumvi nyingi husukumwa nje. Barafu ikikaa miaka, chumvi iliyobaki inaendelea kuchuja, mpaka ukiiyeyusha unaweza kunywa.

“Vimbunga vyetu vinaletwa na barafu ya ncha”

Hili husemwa na watu wenye nia njema. Aprili 2019 tulihamishwa mabondeni tukisubiri kimbunga Kenneth, kikaenda kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Hofu ile naijua, na siidharau. Lakini wazee wa Lindi wanakikumbuka kimbunga cha 1952, kabla ya yote haya. Vimbunga vya huku huzaliwa na maji ya joto ya Bahari ya Hindi, na mtafiti makini hatakuambia barafu iliyoyeyuka kaskazini ndiyo iliyokusukumia Hidaya mlangoni.

Kinachotuunganisha na ncha ni joto lenyewe, linalotokana na gesi zilezile za kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Joto hilo hupausha matumbawe ambamo akina mama wa huku wanatafuta pweza. Linapandisha bahari, na bahari iliyopanda, ikikutana na bamvua na dhoruba siku moja, inaingia kwenye nyumba ambazo babu zetu walizijenga wakiamini ziko mbali na maji.

“Si kazi ya mtoto wa huku”

Vipimo vya kila siku vya barafu ya ncha zote mbili viko wazi kwenye intaneti, bila malipo, kutoka kituo cha data cha Boulder, Colorado, Marekani. Anayevitumia anahitaji hisabati, fizikia na uvumilivu. Hali ya hewa inasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kipo chuo chake Kigoma. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar. Njia si fupi, lakini ipo.

Binti hakusubiri. Alichomeka mti wenye alama za sentimita kwenye maji ya Mikindani, na kila siku maji yanapojaa anakwenda kusoma yamefika wapi, anaandika kwenye daftari. Baada ya miezi kadhaa mti ulianza kuoza kwa chini. Hakuung'oa. Alichomeka mwingine pembeni yake, akaisoma yote miwili kwa siku 15, tangu bamvua moja hadi nyingine, ndipo akauacha wa zamani. Huo wa pili alichongewa na mjomba wake.