Titani dioksidi haiui bakteria chini ya taa yoyote
Wengi huamini kwamba ukuta uliopakwa chembe nano (chembe ndogo mno) za titani dioksidi, unga mweupe unaotumika kwenye rangi, huua bakteria mradi taa inawaka. Si kweli. Uwezo huo, ambao watafiti wa Japani waliuonyesha mwaka 1985, huamshwa na miale ya urujuanimno (UV) yenye urefu wa mawimbi usiozidi takriban nanomita 390, na balbu za kawaida za LED karibu hazitoi miale hiyo kabisa. Mwale unaofaa ukiigusa chembe, elektroni hutoka mahali pake, kisha maji na oksijeni vilivyo juu ya ukuta huzaa radikali huru (chembe kali zinazoshambulia haraka vitu vilivyo karibu) zinazouharibu utando wa bakteria. Radikali hizo hudumu muda mfupi mno, hivyo bakteria aliyefunikwa na vumbi au mafuta husalimika. Wodi yenye kuta hizo bado inahitaji kusafishwa kwa dawa kila siku.