Mifuniko Haipotei: Tunayoyaamini Kuhusu Vyombo vya Kuhifadhia Chakula na Ukweli Wake

Jumamosi moja nilitoa kila kilichokuwemo kwenye kabati la chini, lile lililo kushoto kwa sinki, nikavimwaga sakafuni sebuleni kama mchuuzi wa mnadani. Vyombo vilikuwa 43, mifuniko 31. Nikaanza kuvioanisha, kimoja baada ya kingine, nikibonyeza pembe na kusikiliza kama mfuniko unalia "tak". Vilivyokubaliana vilikuwa 22. Vilivyobaki ni vyombo 21 vichwa wazi na mifuniko 9 isiyojulikana ilikotoka.

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kochi anakunja nguo. Aliangalia ule mtawanyiko, akasema, "Wifi, wewe huna vyombo hapa. Una mayatima."

Nilicheka, lakini sikupumzika mpaka nimejua kila yatima alifiwa vipi. Humo ndimo nilimogundua kwamba mengi niliyokuwa nikiyaamini kuhusu kabati lile hayakuwa kweli.

"Mifuniko inapotea yenyewe"

Haipotei. Ile 9 niliifuatilia mmoja mmoja. Minne ilikuwa ya makopo yaliyopasuka zamani. Kopo nililitupa, mfuniko nikauonea huruma. Mitatu vyombo vyake vilitoka na pilau siku ya Idi, na mfuniko ukabaki nyumbani kwa sababu pilau lilikuwa la moto na nilifunika kwa sahani. Miwili haikuwa yangu kabisa, ilikuwa ya jirani wa mlango wa pili.

Hapa lazima tuseme ukweli wa kwetu. Pwani chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ramadhani jirani analeta bakuli la futari, nawe utalirudisha na chochote: tambi, kaimati, hata ndizi mbivu tatu. Ni adabu nzuri na siipingi. Ila matokeo yake ni kwamba bakuli la watu linakaa kwako wiki mbili likisubiri siku utakayopika kitu cha heshima, na wakati huo linaoshwa, linaingia kabatini, linachanganyika na ndugu zake wa kambo. Ukija kukumbuka, hujui tena lipi lako. Tiba niliyoipata ni ndogo sana: chombo cha mtu hakiingii kabatini kwangu. Kikishaoshwa kinakaa juu ya friji, wazi wazi, kinidai kila nikipita.

Na wale mayatima 21? Vyombo vichache tu ndivyo vilivyopoteza mfuniko kwa maana ya kutoonekana. Vingi mfuniko ulikufa kwanza: ulipinda, ulipasuka pembe, au kile kibanio cha pembeni kilikatika. Nikautupa, chombo nikakibakiza "kitafaa". Kwa hiyo kabati linapojaa ni vyombo vinavyoongezeka na mifuniko inayopungua, na mtu anasema kuna jini.

"Chombo na mfuniko ni plastiki ileile"

Mara nyingi sivyo, na hapa ndipo siri ya mfuniko kufa mapema ilipo. Geuza chombo utazame chini. Utaona pembetatu ya mishale na namba ndani yake. Kisha geuza mfuniko wake. Chombo chaweza kuwa na 5, mfuniko una 4. Namba 5 ni polipropilini, ngumu kiasi, inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Namba 4 ni polietilini laini. Inafaa kwa mfuniko kwa sababu inanyumbuka na kushika ukingo, lakini kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzijoto 110 hivi, na inalegea mapema kabla ya kufika huko. Chukua mchuzi uliotoka jikoni ukichemka, mimina, bana mfuniko palepale. Mvuke unaulainisha, halafu chakula kikipoa hewa ya ndani inasinyaa na kuuvuta kuelekea chini. Fanya hivyo mara kwa mara, uone kama utakaa tena.

Wengi tunafunga chakula cha moto tukiamini kwamba "kinabaki freshi". Kinachobaki ni jasho kwenye mfuniko na chakula kinachochelewa kupoa. Gawanya kwenye vyombo vya kina kifupi, acha mfuniko umekaa upande mpaka mvuke uishe, kisha funga na uweke kwenye friji. Usisahau mezani, lakini: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya muda wa saa 2. Hotpoti iliyofungwa tangu mchana mpaka usiku nayo si friji. Wali uliomo ukishashuka chini ya nyuzijoto 60 unakuwa vuguvugu, na vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda.

Mfuniko uliopinda kidogo wakati mwingine huokolewa. Uloweke kwenye maji ya moto dakika mbili tatu, uubane juu ya chombo chake ungali laini, uuache upoe hapohapo. Mimi nimeokoa miwili kwa njia hiyo na kuipoteza mitano.

"Ile namba ni mara unazoruhusiwa kukitumia"

Hii nimeisikia sokoni, kazini, na hata kwa mtu aliyesoma kemia. Eti chombo cha namba 5 kinatumika mara tano. Au namba kubwa ndiyo bora zaidi. Hapana. Ni utambulisho wa aina ya plastiki tu, ulioanzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki ili kurahisisha kuzichambua taka. Namba 1 ni ile ya chupa za maji, 2 ni ya madumu na madebe magumu, 6 ni pamoja na vile vyombo vyeupe vyepesi kama sponji vya kufungia chipsi. Namba peke yake haikuambii kama chombo kinaingia kwenye maikrowevu. Kwa hilo tafuta alama yake au maandishi. Alama ya glasi na uma ndiyo inayosema kimetengenezwa kwa ajili ya chakula.

"Kila chombo kikae na mfuniko wake juu, ndipo pamepangika"

Hii ndiyo iliyonishinda kuiacha, kwa sababu inapendeza macho. Ukifungua kabati unaona safu za vyombo vimevaa kofia zao. Unajisikia mama mwenye nyumba.

Lakini kila chombo kilichofungwa kitupu kimehifadhi hewa. Vyombo sita vya saizi moja vikifungwa vinakula rafu nzima. Vikiingizwa kimoja ndani ya kingine vinachukua nafasi ya kimoja na nusu. Halafu kuna unyevu. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, chombo cha plastiki hakikauki upesi kama sufuria. Ukikifunga na tone moja ndani, baada ya siku nne unafungua na kupokewa na harufu ya kisima. Kama mfuniko una ule mpira wa kuzuia kuvuja, chini ya mpira huo unaweza kukuta ukungu mweusi. Mpira unatoka, usiuogope. Ingiza ncha ya kijiko, uvute, uuoshe peke yake, uukaushe, uurudishe.

Kinachofanya kazi kwangu ni kuvitenganisha: vyombo kwao, mifuniko kwao. Vyombo vinaingiliana kwa saizi, visizidi vinne kwa rundo moja, maana rundo likizidi, cha chini hutakitoa, utachukua cha juu tu kila siku. Rundo linageuzwa kifudifudi, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya mende. Mifuniko inasimama wima kwenye ile raki ya waya ya kukaushia sahani, ya duara upande huu, ya pembe nne upande ule, mikubwa nyuma. Mfuniko uliosimama unaonekana ukingo wake na unachomoka bila kuugusa mwingine. Iliyolazwa inateleza, ndiyo ile mvua ya mifuniko inayokuangukia miguuni ukifungua mlango.

Boksi la viatu? Wengi wanalipendekeza. Sikatai kwamba linaingia vizuri kabatini, lakini boksi la karatasi jikoni ni nyumba ya wageni ya mende. Tumia besheni dogo au trei ya plastiki.

Kama vyombo vyako ni vitano tu na kabati ni kubwa, vifunge kofia zake uendelee na maisha, ilimradi vimekauka.

"Nikinunua seti mpya tatizo litaisha"

Kitchen party yangu nilipewa seti tatu za vyombo vya mifuniko. Tatu, kutoka kwa makundi matatu ya akina mama, kila moja ya kampuni yake, na kila moja ina saizi ambazo karibu zinalingana na za mwenzake. Hiyo "karibu" ndiyo shida yote. Mfuniko haushiki kwa upana tu, unashika kwa umbo la mfereji wa ukingo. Vyombo viwili vyenye upana uleule kwa rula vinaweza kukataa kubadilishana mifuniko kama wake wenza waliogombana.

Wala tatizo la mfuniko halikuanzia kwetu. Earl Tupper wa Marekani alipoingiza sokoni vyombo vyake vya plastiki miaka ya 1940, dukani havikutoka, kwa sababu watu hawakujua ule mfuniko unafungwaje. Ulitakiwa ubonyezwe katikati, uinuliwe ukingo kidogo ili hewa itoke, kama mtoto anayebeulishwa baada ya kunyonya. Vilikuja kuuzika akina mama walipoanza kuonyeshana majumbani, kwenye vikao vya chai na soga, kazi iliyoongozwa na mwanamama muuzaji, Brownie Wise, na ilipofika 1951 kampuni ikaviondoa madukani kabisa. Kwa hiyo akina mama kukusanyika na kupeana vyombo ni jambo la zamani kuliko kitchen party zetu, na hapo katikati tangu mwanzo pamekuwa na mfuniko unaohitaji maelezo.

Ukinunua, nunua aina moja, saizi mbili au tatu, zirudie. Vyombo vinane vya saizi moja vinakuachia mifuniko minane inayokubali popote. Na kama unajaza friji, chagua vya mraba. Kopo la duara linakalia asilimia 79 hivi tu ya mraba linaoushika, kilichobaki ni pembe zilizolala bure. Ila uji na mtindi ni rahisi kukwangua kwenye duara, hilo nalo nalikubali.

"Kopo la aiskrimu ni la aibu" na "Kopo la aiskrimu halitupwi"

Hizi mbili zinaishi nyumba moja, wakati mwingine ndani ya mtu mmoja. Kila mtoto wa Kitanzania ameshafungua kopo la aiskrimu kwenye friza kwa moyo unaodunda akakutana na maharage. Ukweli uko katikati. Kopo la aiskrimu au la siagi ni zuri kwa vitu vikavu na vya kugandisha: maharage yaliyochemshwa na kupoa, nazi iliyokunwa, dagaa. Halikutengenezwa kwa mchuzi wa moto wala maikrowevu. Na kwa kuwa halionyeshi kilichomo ndani, andika juu yake. Kipande cha utepe wa karatasi na kalamu, jina na tarehe. Matano yanatosha. Nilikuwa na 14.

"Kikishapata rangi ya manjano ndiyo basi"

Rangi ya bizari ya manjano inapenda mafuta, na plastiki nayo inafyonza mafuta, ndiyo maana mchuzi wa nazi unaacha alama ambayo sabuni haiigusi. Lakini rangi hiyo haivumilii jua. Osha chombo, kiweke kingali na maji maji dirishani au kwenye kamba ya nguo kimeangalia juu, saa sita mpaka saa tisa. Siku mbili za jua kali la hapa na kile cha rangi ya embe kimekuwa cha rangi ya maziwa. Harufu ya samaki ni ngumu zaidi. Nimeamua kuwa na vyombo viwili vya samaki, vinajulikana, na vingine havigusi.

"Nikifunga vizuri, fukusi hawaingii"

Hawaingii, kweli. Walishaingia. Mayai yamo kwenye kunde na mahindi kabla hujalipa sokoni. Kopo lenye nafasi tupu na linalofunguliwa kila asubuhi linawapa hewa ya kutosha kuzaliana. Kinachowaua ni kukosa oksijeni, na ndiyo kanuni ya ile mifuko ya tabaka tatu iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na watafiti wa Kameruni kwa ajili ya kunde. Jikoni, jaza kopo mpaka juu, chota kwenye jingine dogo la matumizi ya wiki, na ukiwa na friza, unga ulale humo siku nne kabla haujaingia kabatini.

Mwisho wa Jumamosi ile nilibaki na vyombo 22 na makopo matano ya aiskrimu. Baadhi ya mayatima wamekwenda kwa fundi wa cherehani wa chini, anatilia vifungo. Ile mifuniko miwili ya jirani niliikutanisha na mabakuli yake, nikayaweka juu ya friji mpaka Jumatano nilipopika visheti, nikamtuma mtoto.

Alirudi na mabakuli matatu. "Mama jirani anasema shikamoo, na hivi ni vyako vya Idi." Vilikuwa vyangu kweli. Ndani vina kaimati, na juu vimefunikwa kwa mifuniko ambayo sijawahi kuiona.