Usimuulize kijana anavuta ngapi, muulize alianza lini

Mzazi akigundua mtoto anavuta sigara, huuliza kwanza idadi: ngapi kwa siku? Akisikia mbili au tatu, roho hutulia. Bure tu.

Kwa saratani ya mapafu, miaka ina uzito kuliko idadi. Chukua watu wawili. Mmoja anavuta sigara 20 kwa siku kwa miaka 20, mwingine 10 kwa siku kwa miaka 40. Wote wamevuta sigara 146,000, lakini wa pili ana hatari kubwa zaidi, na kwa mbali. Seli haigeuki saratani kwa jeraha moja. Vinasaba vyake huharibika hatua kwa hatua, na hatua hizo zinataka muda. Aliyeanza na miaka 15 anafika 45 akiwa na miaka 30 ya moshi, umri ambao wengine ndio kwanza wanaanza kupimwa presha.

Halafu kuna ubongo. Nikotini hufika huko ndani ya sekunde 10 hadi 20 baada ya mvuto mmoja. Sehemu ya mbele, inayomsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo, hukomaa akikaribia miaka 25. Nikotini ikiingia kabla ya hapo, vipokezi vyake, yaani sehemu za seli za ubongo zinazoipokea, huongezeka, na vikikosa dozi kijana anapata arosto: hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kutulia darasani. Dalili hizi zinaweza kujitokeza hata kwa asiyevuta kila siku. Sigara ya kielektroniki haina lami ya tumbaku, ni kweli, ila nyingi zina nikotini, kwa hiyo kwa ubongo hazijamwokoa.

Mapafu nayo bado yanakua, kwa wavulana hadi miaka ya mwanzo ya 20. Moshi huyazuia kufikia uwezo wake kamili, kisha huyaanzisha kushuka mapema. Kijana mwenyewe haoni kitu, maana akiba ya pumzi ni kubwa. Upungufu huonekana ukubwani, anapopanda ngazi.

Habari njema ni kwamba hesabu hiyo ya miaka inasimama siku anayoacha. Utafiti uliofuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951 ulionyesha kuwa wavutaji wa kudumu walipoteza takriban miaka 10 ya maisha, na walioacha wakikaribia 30 waliiokoa karibu yote.

Arosto hufika kilele siku 2 au 3 za mwanzo na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Ni vyema tarehe ya kuacha isiangukie wiki ya mitihani. Viberiti na sigara zilizofichwa zitolewe chumbani. Hamu ikija, hudumu dakika chache tu: anywe maji, atembee, azungumze na mtu.

Chingamu ya nikotini husaidia, ila kwa aliye chini ya miaka 18 daktari aamue kwanza. Wengi huitumia vibaya. Hutafunwa polepole hadi iwashe, ikaachwa kati ya shavu na fizi, kisha ikatafunwa tena muwasho ukiisha, kwa takriban nusu saa. Akiitafuna harakaharaka, nikotini humezwa pamoja na mate, inaleta kwikwi na kiungulia, naye anaitupa akidai haifanyi kazi.