Mungu wa Biblia Nzima: Dhana Potofu Kuhusu Tabia ya Mungu na Usomaji wa Maandiko

Maswali mengi ambayo Wakristo huulizana kuhusu tabia ya Mungu, iwapo huwalipiza wajukuu kisasi cha babu zao, iwapo maradhi ni adhabu yake, iwapo aliwahi kuwa mkali kisha akabadilika, huzuka katika aya moja iliyonyofolewa mahali pake na kupewa kazi ambayo mwandishi wake hakuipa. Inafaa kukumbuka kwamba mgawanyo wa sura na aya tunaoutegemea leo haukutoka kwa manabii wala mitume. Sura tulizonazo ni za karne ya 13, kazi inayohusishwa na Stephen Langton wa Uingereza, na nambari za aya za Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Nambari hizo zinatusaidia sana kufungua mahali tunapopatafuta, lakini zimetuzoesha pia kuisoma Biblia vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyozaa picha za Mungu ambazo Biblia yenyewe haizitambui.

Dhana: Mungu wa Agano la Kale ni mkali, wa Agano Jipya ni mwenye upendo

Dhana hii si ngeni. Katika karne ya 2 Marcion, mtu wa Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, alifundisha mjini Roma kwamba Muumba anayesimuliwa katika maandiko ya Wayahudi si Baba wa Yesu Kristo. Ili fundisho lake lisimame, ilimbidi aliweke kando Agano la Kale lote, abaki na Injili ya Luka aliyoipunguza pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Alitengwa na kanisa la Roma mwaka 144, na baadaye Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa Kaskazini, akaandika vitabu vitano vya kumpinga. La kuzingatia hapa ni huko kupunguza. Hata Injili aliyoichagua mwenyewe hakuweza kuiacha nzima, kwa sababu Yesu wa Luka haachi kuwategemea Musa na manabii, na amri ya kumpenda jirani, ambayo wengi huidhania kuwa mpya, inatoka katika Mambo ya Walawi 19:18.

Msomaji anayetaka kuuona upole wa Mungu katika kitabu cha kwanza kabisa cha Biblia na aanze na Hagari katika Mwanzo 21. Ni mjakazi wa Kimisri, amefukuzwa nyumbani kwa Abrahamu akiwa na mkate na kiriba cha maji, na maji yamekwisha jangwani. Anamlaza mtoto chini ya kijiti, kisha anakwenda kuketi mbali kiasi cha mtupo wa mshale ili asimwone akifa. Mwanamke huyu si wa ukoo wa ahadi, wala hakuna mtu wa kumtetea, lakini andiko linasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana, akamfumbua mama macho akaona kisima.

Tangazo la Kutoka 34:6, kwamba Bwana ni “Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira”, linarudiwa katika Zaburi, Nehemia, Yoeli na kwingineko. Yona analirudia kwa uchungu: alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua kwamba Mungu wa namna hiyo angewasamehe watu wa Ninawi. Upande wa pili, anayeonya juu ya Jehanamu mara nyingi kuliko mwingine yeyote katika Biblia ni Yesu mwenyewe. Sisemi kwamba kurasa ngumu hazipo. Vita vya Yoshua dhidi ya Wakanaani vinamsumbua kila msomaji mwaminifu, na ni haki visumbue. Hata hivyo msomaji huyo ataona pia kwamba katika Mwanzo 15:16 hukumu hiyo inacheleweshwa hadi kizazi cha nne kwa sababu uovu wa Waamori, wenyeji wa Kanaani, ulikuwa haujatimia, na kwamba Rahabu wa Yeriko, mwanamke wa upande ulioshindwa, anatajwa katika ukoo wa Yesu.

Dhana: Mungu huwaadhibu watoto kwa dhambi za mababu

Katika Afrika Mashariki dhana hii ina jina lake, laana za ukoo, na inawaumiza watu wengi. Binti aliyechelewa kuolewa, mke ambaye hajapata mtoto, kijana ambaye kila biashara anayoigusa inakufa, wote huambiwa kwamba babu fulani alifanya agano na mizimu, na kwamba Mungu hawezi kuwabariki mpaka madhabahu za ukoo zivunjwe, mara nyingi kwa sadaka maalumu. Aya inayosomwa ni Kutoka 20:5, isemayo kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne.

Aya hiyo ipo, na haifai kufichwa, ila inakatwa kabla haijamaliza kusema. Maneno yanayofuata mara moja ni “cha wanichukiao”, kisha aya ya 6 inataja rehema kwa maelfu ya wampendao, na Kumbukumbu la Torati 7:9 inaongeza kwamba rehema hiyo hufika hata vizazi elfu. Nne kwa elfu: mizani ya tabia ya Mungu inaelemea wapi? Tena katika boma la kale vizazi vitatu au vinne viliishi pamoja, kwa hiyo ibada ya sanamu ya mkuu wa nyumba iliwachafua wote waliokuwa hai chini yake. Kwamba makosa ya mzazi huwafikia watoto ni jambo tunaloliona kila siku katika nyumba ya mlevi aliyeuza shamba. Hiyo ni athari ya dhambi, na athari si hatia.

Waisraeli wenyewe walianguka katika kosa hili. Ezekieli alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa mateka hadi Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na huko watu walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi, maana yake sisi tunalipia makosa ya wazee wetu. Sura nzima ya 18 ya Ezekieli ni jibu la Mungu kwa methali hiyo. Anaikataza isitumike tena, anaeleza mfano wa baba mwema, mwana mwovu na mjukuu mwema, kisha anahitimisha kwamba “mwana hatauchukua uovu wa baba yake”. Mhubiri anayefundisha kwamba mjukuu aliyemwamini Kristo bado ana deni la babu yake anairudisha methali ambayo Mungu aliipiga marufuku, na jambo hilo lisemwe waziwazi makanisani.

Dhana: kila ahadi ya Biblia imeandikwa kwa ajili yangu, leo

Kila mwaka mpya Yeremia 29:11 husambazwa kwenye simu, ikielezwa kuwa ni ahadi ya kazi, nyumba na ndoa kabla ya Desemba: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi.” Maneno hayo ni sehemu ya barua waliyoandikiwa wazee na watu waliohamishiwa Babeli. Sura iliyotangulia inamsimulia nabii Hanania, aliyewaahidi kwamba utumwa ungekwisha katika miaka miwili, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote. Yeremia akawaandikia kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji uliowateka, kwa maana mtakaa huko hadi miaka 70 itimie. Wengi wa walioisikia barua hiyo ikisomwa walijua kwamba wangezikwa ugenini.

Kwa hiyo ni Hanania aliyetangaza muujiza wa haraka, na Mungu akamwita mwongo. Aya ya 11 inabaki kuwa faraja, kwa maana inamwonyesha Mungu asiyewaacha watu wake hata anapowaadhibu, lakini faraja yake ni ya watu wanaosubiri kwa muda mrefu.

Malaki 3:10, inayoagiza zaka kamili iletwe ghalani, nayo huteswa vivyo hivyo, ikifanywa kanuni ya kupanda mbegu ya fedha na kuvuna zaidi. Ghala linalotajwa lilikuwa chumba halisi katika hekalu la Yerusalemu, na zaka zilizokusanywa humo zilikuwa chakula cha Walawi, watumishi wa hekalu. Nehemia 13 inaeleza hali ilivyokuwa katika kipindi kinachokaribiana na hicho: chumba kikubwa cha zaka alikuwa amepewa Tobia, mpinzani wa Nehemia, Walawi na waimbaji wamerudi mashambani kwa kukosa posho, na Nehemia akavitupa nje vyombo vya Tobia ili nafaka irudishwe. Aya tano tu kabla ya ile ya zaka, Malaki anawatishia hukumu wanaomdhulumu kibarua ujira wake, mjane na yatima. Aya hiyo ya 5 sijaisikia ikisomwa wakati wa kukusanya sadaka.

Yapo pia maneno yanayonukuliwa kama Maandiko na wala hayamo. “Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu” si aya ya Biblia. Kutoka 23:2 inakataza kuwafuata wengi katika uovu. “Mungu humsaidia anayejisaidia” halimo pia. Na wanaosema kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa na Mtaguso wa Nikea mwaka 325 wanakosea, kwa kuwa mtaguso huo ulishughulikia hasa fundisho la Ario, kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya kwanza inayojulikana yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya letu imo katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367.

Dhana: anayeteseka ana dhambi, na anayemhoji Mungu hana imani

Yesu aliulizwa jambo hili ana kwa ana. Walipompita mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi wake walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akajibu kwamba si huyo wala hao. Alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Hata hivyo kwenye matanga yetu bado kuna anayemnong’oneza mfiwa atafakari ni wapi alipokosea, na mfiwa akiuliza “kwa nini, Mungu?” huhimizwa anyamaze asikufuru. Marafiki wa Ayubu, mtu mwadilifu aliyepoteza mali, watoto na afya, walianza vizuri, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Walipofungua vinywa vyao walimtetea Mungu kwa hoja zinazofanana sana na mahubiri yetu: Mungu ni wa haki, kwa hiyo lazima umekosa, tubu upone. Ayubu alikataa, akalalamika, akadai kesi yake isikilizwe na Mungu mwenyewe. Mungu alimkemea Ayubu pia, kwa maswali yanayojaza sura nne, lakini katika Ayubu 42:7 hasira yake inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena, nao wakaagizwa wamwendee mtu huyohuyo waliyemshutumu ili awaombee.