Goti limepona, macho bado

Mchezeshaji chipukizi wa mpira wa kikapu anaporudi uwanjani baada ya kuumia goti, karibu kila mtu pembeni huangalia mguu. Anachechemea? Ameruka? Ametua sawasawa? Mimi nimehangaika na mguu huo kwa miezi tisa au zaidi, na siku hiyo siutazami sana. Natazama kidevu. Anakuja mbio na mpira, anafunga breki ghafla mbele ya mlinzi, na kidevu kikishuka hata kidogo najua kwamba kazi yetu haijaisha.

Ninayemzungumzia ni yule pointi gadi, yaani mchezeshaji wa timu, ambaye pasi humjia kabla ya kurusha. Huona kona ya mbali imeachwa wazi hata kabla mwenzake aliyesimama huko hajatambua kwamba yuko peke yake. Mfungaji anayetoka majeruhi anaweza kusimama nje ya mstari wa pointi 3, angoje mpira, arushe, na mechi ikamwishia salama. Mchezeshaji hana nafasi hiyo. Kila shambulizi linaanzia mikononi mwake, na kila mlinzi anataka kujua kama lile goti bado linaogopa.

Sasa twende ndani ya goti. Kuna kano inayopita kimsalaba kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa ugoko, ile ambayo wanamichezo wengi wanaijua kwa herufi zake, ACL. Kazi yake inayojulikana ni kuzuia ugoko usiteleze kwenda mbele na kulidhibiti goti linapozunguka. Kazi yake nyingine haitajwi sana: inapeleka habari. Ndani yake mna miisho ya neva inayouarifu ubongo kila wakati goti limekunjika kiasi gani na limeelemewa upande upi. Kano ikikatika, daktari wa upasuaji huweka kipande cha tishu badala yake, mara nyingi kutoka chini ya pia ya goti au kutoka misuli ya nyuma ya paja. Kipande hicho kinaishika mifupa vizuri. Habari zile hakizileti kama zamani.

Ubongo ukikosa habari kutoka kwenye goti huzitafuta kwingine, na mahali pa karibu ni macho. Picha za ubongo za watu waliofanyiwa upasuaji huu zimeonyesha kwamba wanapokunja na kunyoosha goti, sehemu zinazohusika na kuona hushughulika zaidi kuliko kwa watu ambao hawajaumia. Goti limeyaazima macho. Mtu anayetembea kwenda kazini hatahisi chochote. Lakini mchezeshaji wa pasi, ambaye macho ndiyo mtaji wake wote, amepungukiwa na kitu ambacho hakuna kipimo cha nguvu ya paja kitakachokionyesha.

Nililijifunza hili kwa kosa langu. Nilimruhusu kijana mmoja kurudi mazoezi ya timu akiwa amefaulu kila kipimo nilichokuwa nacho: paja la mguu ulioumia lilikuwa limefikia zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya lile zima, aliruka kwa mguu mmoja umbali uleule kulia na kushoto, goti halikuvimba. Siku tatu za kwanza alipoteza mipira ambayo hakuwa akiipoteza tangu utotoni. Kocha alidhani ni uoga, na mimi nikakubali. Tulimwambia ajiamini. Nilipokaa kutazama video polepole ndipo nilipoona: kila alipopiga breki macho yalishuka sakafuni kwa kitambo kifupi sana, na yalipopanda tena mlinzi alikuwa ameshafika kwenye njia ya pasi. Hakuwa mwoga. Alikuwa anaona kwa kuchelewa, na sisi tulikuwa tumemlaumu moyo wake.

Ricky Rubio ndiye mfano ninaopenda kuwaonyesha vijana. Alianza kucheza ligi kuu ya Hispania akiwa na miaka 14, akaingia NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2011 na Minnesota Timberwolves, na katika mechi 41 za msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pasi za kufunga 8.2. Tarehe 9 Machi 2012 goti lake la kushoto likaharibika katika mechi dhidi ya Lakers. Timu iliyokuwa ikipigania nafasi ya mtoano ikaporomoka, ikamaliza msimu kwa ushindi 26 na vipigo 40. Alirudi tarehe 15 Desemba dhidi ya Dallas: dakika 18, pointi 8, pasi za kufunga 9. Mashabiki walishangilia kana kwamba hakuna kilichotokea, na nawaelewa, maana usiku ule ulikuwa mtamu.

Kilichofuata hakikuwa kitamu. Mgongo ulimsumbua, akakosa mechi, na hata alipocheza hakuwa yule wa mwanzo. Kwa Rubio tatizo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu hakuwa mrushaji. Msimu ule alifunga takriban mitupo 36 katika kila 100. Mlinzi anayemkabili mtu wa namna hiyo hurudi nyuma na kumwachia nafasi ya kurusha. Njia pekee ya kuwavuta walinzi wawili ni kuingia ndani hadi karibu na ringi, kusimama ghafla, na kuachia mpira wakati wote wamemgeukia. Pasi yake inatengenezwa na ile breki. Goti lisipoaminika akili inamshauri atoe pasi mapema, akiwa bado mbali, na pasi ya mapema haimsumbui mtu yeyote. Tarehe 12 Machi 2013, mwaka mmoja na siku tatu baada ya kuumia, aliwafunga San Antonio Spurs pointi 21 akiwa na ribaundi 13, yaani mipira iliyokosa ringi akaidaka, na pasi za kufunga 12. Baina ya ule usiku wa Desemba na huu wa Machi kuna miezi mitatu, na miezi hiyo ndiyo ninayotaka makocha waihesabu kama sehemu ya matibabu.

Kwa hiyo siku hizi nafanyaje? Mapema, mara tu goti linapoweza kukimbia, nayanyang'anya macho kazi hiyo ya kuazimwa. Mchezaji anapiga breki huku mimi nikiwa mbele yake nainua vidole, naye lazima anitajie idadi kabla mguu haujatua. Baadaye vidole vinakuwa wenzake watatu wanaokimbia, mmoja akiwa na fulana ya rangi niliyoitaja sekunde hiyohiyo, na mpira lazima umfikie huyo. Wapo wanaotumia miwani inayofunga na kufungua mwanga haraka ili mtu asitegemee kuona. Inafaa, ingawa mpira, wenzake na sauti ya kocha vinatosha.

Kuhusu muda, sina ubishi nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliona kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi michezoni, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa takriban nusu. Na wenye umri mdogo ndio walio hatarini zaidi kuumia mara ya pili, wakati ndio wanaosikia maumivu yameisha mapema na kudai kiatu.

Kijana niliyemkosea alirudishwa nyuma wiki sita. Alikasirika, na mama yake alikasirika zaidi. Tulianza upya na breki, vidole, fulana za rangi. Katika mechi yake ya nne baada ya kurudi, robo ya tatu, aliingia ndani kutoka kushoto, akasimama juu ya mguu uleule, walinzi wawili wakaruka, naye akapitisha mpira chini ya mikono yao hadi kona ya kulia. Nilirudisha video mara nyingi. Kidevu hakikusogea.